Nilimwambia baba mkwe akae chini mbele ya mkutano

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku. Watoto wamelala, mume wangu naye amelala, au anajifanya. Nina miaka 36, nimeolewa mwaka wa kumi na moja sasa katika kijiji kimoja wilayani Chamwino. Kwetu ni Bahi, Mgogo kwa baba na kwa mama, kwa hiyo usije ukadhani mila sizijui. Nazijua, ndiyo maana usingizi haupatikani.

Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji. Sikuwa mtu wa jina. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, watu wakasema huyu mama hajawahi kupoteza hata mia ya mtu. Baba mkwe naye alinifanyia kampeni kwa namna yake: alikaa mbuyuni akawaambia wenzake, "Huyu ni wa kwangu." Nilifurahi sana nilipoambiwa. Siku hizi kauli hiyo naielewa vingine.

Kijiji kina eneo la malisho, kama ekari sitini, kando ya barabara ya vumbi inayoelekea lamboni. Mwezi wa saba alikuja mtu kutoka mjini anayetaka kulima zabibu. Ofisini hakufika. Alikwenda moja kwa moja kwa wazee, wazee saba, mkubwa wao ni baba mkwe ambaye ana miaka 79. Akachinja ng'ombe, akampa kila mmoja elfu hamsini "ya soda", wakaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba wao, wazee wa kimila na wenyeji wa asili wa eneo hilo, wameridhia. Karatasi ndiyo ikaletwa kwangu niweke sahihi na mtendaji agonge muhuri. Kama vile mengine yote yamekwisha, tumebaki sisi na wino.

Nikakataa, nikasema hilo ni la mkutano mkuu. Jioni baba mkwe akaniita kwake. Nilipiga magoti, akanena maneno machache tu: "Ardhi hii tuliisafisha kabla baba yako hajaoa. Wewe kiti umepewa juzi." Sikumjibu. Nikarudi nyumbani, kesho yake nikaitisha mkutano.

Watu walijaa siku hiyo. Walitaka kujua ni akina nani waliotia dole gumba, basi nikaisoma karatasi kwa sauti. Jina la kwanza lilikuwa lake. Shangazi, tangu niolewe jina la baba mkwe halijawahi kupita mdomoni mwangu. Namwita Baba, na nikimtaja kwa watu nasema "mzee wa nyumba ya juu". Nikalisoma, majina yake yote mawili, kwenye kipaza sauti. Wanawake waliokaa mbele walishika midomo. Mama mkwe alivuta khanga akajifunika uso.

Mzee akasimama bila kuomba nafasi. Akaanza habari za babu yake, akaenda hadi Operesheni ya 1971, walivyotolewa kwenye matembe yao. Alikuwa anakwenda mbali. Vijana wakaanza kuguna, jua linachoma, ajenda bado nne. Nikasema, "Mzee, kaa chini. Zamu yako bado. Na hizo hela mlizokula mtazitolea maelezo." Vijana wakapiga makofi na miluzi. Alinitazama, akaokota fimbo yake. Hakukaa chini. Aliondoka, na wale sita wakamfuata mmoja mmoja.

Mkutano ulikataa eneo kutolewa. Nilishinda, kama huko ni kushinda.

Leo ni wiki ya sita. Wazee hawaji kwenye kikao chochote. Nikipita mbuyuni nawasalimu "Mbukwenyi", wanaoitikia ni watoto. Kila jioni napeleka chakula kwa baba mkwe kama zamani, ugali wa uwele na mlenda, bakuli nimelifunga kwa kitambaa, mafundo mawili. Asubuhi linarudi na mafundo yaleyale. Nayajua mafundo yangu, Shangazi, hayajaguswa. Mume wangu nikimweleza anasema, "Hilo ni lako na baba." Wifi zangu wanataka nikapige magoti nikiri nimekosa, karatasi niisaini, mambo yaishe. Vijana wanasema nikimwomba msamaha nimewauza. Mtendaji anasema wote saba tuwapeleke TAKUKURU kwa kosa la rushwa.

Nimwombe msamaha au nisimwombe? Nikimwomba, si nitakuwa nimekubali kwamba malisho yalikuwa yake kutoa?

Mwenyekiti Niliyerudishiwa Bakuli, Chamwino

*

Marahaba, mwanangu. Na mbukwa, maana huko mbuyuni hukuitikiwa.

Nianze na karatasi kwa sababu haina mjadala: usiisaini. Wifi zako wanakupenda, au wanampenda baba yao, lakini wanakuelekeza shimoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeikabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji kama mdhamini, yaani mtu anayeshika mali ya wenzake. Na hata halmashauri hiyo nzima haigawi kipande mpaka mkutano mkuu uridhie kwanza. Mkutano mkuu ni kila mkazi mtu mzima, kuanzia miaka 18, yule kijana wa miluzi na yule bibi anayesinzia nyuma. Basi wazee saba wakitia dole gumba, hesabu yake ni watu saba. Na wewe ukiongeza sahihi yako mnakuwa wanane, hamjafika popote, isipokuwa siku ng'ombe watakapokosa pa kupita ni jina lako litakalotajwa, la mzee halitatajwa.

Kwa hiyo uamuzi ule hauna wa kuuombea msamaha, si kwa baba mkwe, si kwa mtu wa zabibu. Haukuwa wako hata. Ulikuwa wa mkutano.

Sasa tuje kwenye lile lililokunyima usingizi, ambalo nadhani hujalitazama sawasawa bado.

Nimepiga hesabu ndogo. Mzee wa miaka 79 leo, mwaka 1971 alikuwa na miaka kama 25. Kijana mwenye mke, huenda na mtoto mgongoni kwa mama. Unaijua Operesheni Dodoma kwa kusimuliwa. Watu wa mkoa huu walihamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika wakakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Wako waliokwenda kwa hiari kwa sababu njaa ilikuwa imewachosha na serikali iliahidi maji na shule. Wako waliokwenda kwa sababu waliambiwa nendeni. Nyuma yao waliacha matembe, mazizi, makaburi ya wazazi. Na aliyekuja kuwaambia, mara nyingi, alikuwa mtu wa makamo yako wewe, ameshika karatasi, anasoma majina.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye anakaa kwenye mkutano, anamsikia mkwe wake anasoma karatasi, na jina la kwanza ni lake.

Simtetei. Elfu hamsini aliipokea, nyama aliila. Lakini jiulize kwa nini mtu ambaye maisha yake yote maneno yake yalitosha, safari hii alitaka yaandikwe. Mimi nadhani alijifunza mwaka 1971 kwamba mwenye karatasi ndiye mwenye ardhi, na yule bwana wa mjini akampelekea karatasi ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa inamwita mwenyeji. Ndicho alichokuwa anakieleza pale aliposimama. Umemkatiza palepale alipokuwa anafika.

Bibi yangu alikuwa na kabila lake la kubuni. Aliwaita Watu wa Nyuma ya Kilima. Hawakuwako kokote, sisi wajukuu tulikwenda hadi nyuma ya kile kilima tukakuta mawe na pimbi. Bibi aliwahitaji kwa sababu akitaka kumsema jirani bila ugomvi, alisema, "Kule nyuma ya kilima kulikuwa na mwanamke mmoja mchoyo," na jirani akisikia anajua. Kati ya hadithi zake moja ilihusu mtemi wao kijana. Mwaka huo mvua ilikataa, korongo likakauka, watu wakakusanyika waamue wahame au wabaki. Mzee mmoja akasimama, akaanza na babu yake, babu wa babu yake, nzige, ndui. Mtemi akamwambia, "Babu, kaa chini, watu wana kiu." Mzee akakaa. Wakahama. Siku ya tatu njiani, watoto wameishiwa nguvu, mke wa mtemi akamwuliza yule mzee alikuwa anataka kusema nini. Akasema, "Pale korongo linapopinda, chini ya ule mkwaju, ukichimba mchanga kimo cha mtu maji yapo. Babu yangu alituonyesha mwaka wa nzige." Wakamlilia, kwa nini hukusema? "Niliambiwa nikae chini."

Wewe ni mtu wa Bahi, sina haja ya kukueleza habari ya kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo kiangazi.

Bibi alikuwa akifika hapo anatuuliza, nani mwenye kosa? Sisi wote kwa sauti moja: mtemi! Bibi anatikisa kichwa. Na yule mzee je? Anajua maji yalipo, anawaona watoto midomo imepasuka, anatembea nao siku tatu kalifungia neno kifuani kwa sababu heshima yake imeguswa. Huyo naye mnamwitaje? Tulikuwa tunanyamaza. Bibi alikuwa hatoi jibu, alikuwa anaendelea kupepeta mtama wake.

Ninakusimulia hivi kwa sababu watu wote kijijini kwako wamechagua upande mmoja wa hadithi. Wifi wanamwona mtemi tu, vijana wanamwona mzee tu. Wewe umekwama katikati na bakuli mkononi.

Makosa yako siku ile yalikuwa matatu, na nitayataja kwa sababu ukiyachanganya utaomba msamaha wa kitu kisichohusika. Umemkatiza kauli. Umelitamka jina lake. Umezitaja zile hela mbele ya wajukuu wake kabla hajaulizwa faraghani hata mara moja.

Lile la jina ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu lilikuwa la kuepukika kabisa. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu wa mkutano! Kusoma nyaraka ni kazi yake, wewe kazi yako ni kuongoza mazungumzo. Ungempa karatasi angesoma yeye, majina yangesikika, sheria ingetimia, na mdomo wako ungebaki safi. Tulikuwa na jirani Mnyakyusa ambaye hakuacha jina la mkwe tu, aliacha hata maneno ya kila siku yanayofanana nalo kwa sauti, akawa na maneno yake mengine ya badala. Tulimcheka tukiwa watoto. Nilipoolewa nikaacha kucheka. Najua wasomaji wengine watasema hayo yamepitwa na wakati, mwenyekiti ni mwenyekiti. Sawa, lakini wanaosema hivyo hawaishi nyumba mbili kutoka kwa mzee huyo.

Na yale makofi. Nilipoyasoma nilishtuka kidogo, mwanangu, kwa sababu nadhani yalikuwa matamu. Nusu dakika ile ulikuwa na kijiji kizima mkononi. Vijana hawakupigia makofi sheria Na. 5 ya 1999. Walipigia makofi kuona mzee anafokewa. Leo amefokewa mzee, siku utakapoamua jambo lisilowapendeza wao, watataka ufokewe wewe, na hawatakosa mtu wa kuwafanyia. (Halafu ile nyama ya ng'ombe: wazee saba hawamalizi ng'ombe. Kuna kijana wa miluzi aliyekula maini siku hiyo, uliza vizuri.)

Basi, kuomba msamaha: ndiyo, omba. Ila siyo kama wanavyotaka wifi zako.

Kwanza usijipeleke peke yako. Mkwe hajipeleki kwa mkwe kwa jambo zito. Mtafute dada wa baba mkwe kama yupo hai, hao mashangazi ndio wenye ufunguo wa kaka zao. Kama hayupo, mtafute mzee wa rika lake ambaye hakuwa miongoni mwa wale saba. Mweleze mambo yote, pamoja na yasiyokupendeza. Yeye atangulie, aulize kama utapokewa, na akuambie uende na nini. Hilo la kwenda na nini sikuamulii, kila ukoo una yake na wewe wa kwao huko unaijua.

Pili, mume wako anakwenda na wewe. "Hilo ni lako na baba" siyo jibu la mwanamume, ni jibu la mgeni aliyepita njia. Kiti ni chako, lakini baba ni wake. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo. Akae pembeni yako, hata kama hatasema kitu.

Tatu, maneno. Usianze na "kama nimekukosea". Hiyo "kama" wazee huisikia kutoka mbali, na huwa wanaikataa. Sema kitu cha namna hii: "Baba, siku ya mkutano nilikukata kauli mbele ya watu. Nililitamka jina lako. Nilitaja habari ya hela mbele ya wajukuu zako kabla sijaja kukuuliza hapa. Hayo matatu ni makosa yangu na nayaombea radhi. Malisho ni ya kijiji, siwezi kukupa mimi, lakini yale uliyokuwa unayasema siku ile nimekuja kuyasikia mpaka mwisho."

Halafu nyamaza. Usitoe maelezo ya sheria, usitaje uchaguzi. Akikaa kimya nusu saa, kaa naye nusu saa. Akianza na babu yake, ujue umepokewa, na siku hiyo usiangalie saa wala simu. Ataeleza tembe lilikuwa wapi, kaburi la nani liko chini ya mti gani, ng'ombe walipita wapi kwenda majini. Sikiliza kwa makini, kwa sababu utayahitaji.

Utayahitaji hivi. Nenda halmashauri ya wilaya, idara ya ardhi, uulize kijiji chenu kimefika wapi na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Kama eneo la malisho halijaandikwa kwenye mpango na kuwekewa sheria ndogo, basi mtu mwingine wa zabibu atakuja mwakani, na huyo atakuwa na ng'ombe wawili. Kazi ya kupanga huanza na kutembea mipaka kwa miguu, wataalamu wakiwa na vyombo vyao, na hapo ndipo panapohitajika mtu anayejua kwamba jiwe hili ni la mpaka na jiwe lile ni jiwe tu. Pendekeza kwenye halmashauri ya kijiji kwamba wazee waongoze matembezi hayo pamoja na vijana. Usimpe mzee kazi ya heshima tupu, ya kukaa kiti cha mbele na kufungua kwa sala. Wazee wanaijua kazi ya bure wakiiona. Na karatasi itakayotoka hapo, tofauti na ile ya kwanza, itamtambua kweli, kwa sababu itakuwa ya kijiji chake chote.

Na kama katika maelezo yake atasema kwamba sehemu fulani ya hizo ekari sitini ilikuwa shamba la baba yake hasa, usimkatize kwa mara ya pili. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Kijiji kinatakiwa kuwa na baraza la ardhi, wajumbe saba na watatu kati yao wanawake, kazi yake ni kusuluhisha mambo ya namna hiyo. Apeleke madai yake kule kama mtu mwingine yeyote. Mila zetu sheria haijazifuta katika ardhi. Ilichokataa ni mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki yake. Mzee akiambiwa hivyo na mtu aliyemsikiliza kwanza, atakuelewa. Alipoambiwa akae chini hakuna ambacho angekielewa.

Zile hela sasa. Elfu hamsini mara saba ni laki tatu na nusu. Ng'ombe amekwishaliwa, tumwache. Kabla ya TAKUKURU, mtumie yuleyule mzee msuluhishi awaambie wazee kwamba ikiwezekana zirudi kwa mwenyewe mbele ya mtendaji na mashahidi, iandikwe, iishe. Wako watakaokuwa wamezila zote. Watarudisha kidogo kidogo, au watoto wao watawasaidia kwa aibu. Lakini huyo bwana wa mjini aliyejua njia ya mbuyuni na akaipotea njia ya ofisi, huyo sina huruma naye. Akirudi na bahasha nyingine, kwa mzee au kwa mtendaji au kwako, nenda ukaripoti asubuhi hiyohiyo, na hapo usimwombe mtu ruhusa.

Vijana wakisema umewauza, waonyeshe muhtasari. Malisho yako palepale.

Msamaha wa nyumbani hautoshi, kwa sababu tusi lilikuwa la hadharani. Mkutano mkuu unakaa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo unao muda. Siku hiyo, kabla mtendaji hajasoma muhtasari (mtendaji, siyo wewe), simama useme sentensi moja tu: mkutano uliopita nilimkatiza mzee wetu akiwa anazungumza, lile lilikuwa kosa langu kama mwenyekiti, leo naomba aanze yeye. Sentensi moja. Ukisema kumi utaanza kujitetea. Kisha mpe nafasi, akizidi muda mwache azidi kidogo, jua halijawahi kumwua mtu wa Chamwino. Kura za mikono zitakuja mwishoni na mkono wake utahesabiwa mmoja, sawa na wa mjukuu wake. Najua wenyeviti wengine ambao huwaacha wazee waseme mwishoni, wakidhani ndiyo heshima. Matokeo yake mzee akishasema, hakuna anayethubutu kusema kitu baada yake. Akitangulia, wengine wanapata pa kuanzia, na hata wa kumpinga anaanza na "kama alivyosema mzee."

Inawezekana asije. Inawezekana huyo dada yake akatumwa mara mbili na akarudi na jibu lilelile. Yule mzee wa hadithi alitembea siku tatu, wa kwako amefika wiki ya sita. Kosa lake nalo ni lake, usilibebe. Wewe ukishaomba kwa njia iliyonyooka umeshaomba, na kijiji kitakuwa kimeona. Endelea na kazi. Ita vikao, andika mihtasari, wazee wasipokuja mpeleke mtendaji mbuyuni akawasomee yaliyoamuliwa, kila mara, waitikie wasiitikie.

Na chakula usikiache. Mtume mtoto akipeleke, mjukuu anaingia pale ambapo mkwe haingii. Kitambaa ni kilekile, mlenda ni uleule, ila hayo mafundo mawili punguza liwe moja, na usilikaze sana. Ana miaka 79, vidole vyake havina nguvu kama vyako.